Jinja, Libaale na Jiwe: Mawe ya Kanisa la Minara Miwili na Safari ya Kiswahili hadi Mashariki mwa Uganda



Katika mojawapo ya madarasa yetu ya historia ya Kiswahili, mwanafunzi anayetoka Mbale alitoa hoja ambayo tumeisikia mara nyingi, ila yeye aliisema bila kuificha. "Mwalimu," alisema, "kwetu Kiswahili ni lugha ya askari. Bibi yangu akikisikia njiani, hufunga mlango." Darasa lilicheka kidogo, kisha likanyamaza. Kila mmoja wetu alijua kwamba bibi yule hakuwa akitania.

Hoja kama hiyo haijibiwi kwa kumwambia mwanafunzi kwamba Kiswahili ni lugha tamu, wala kwa kumhesabia mataifa yanayokizungumza. Inajibiwa kwa historia. Katika makala haya tunajaribu kumjibu kwa njia ambayo huenda ikawashangaza baadhi ya wasomaji, yaani kwa kuyachunguza mawe yaliyojenga kanisa kuu la Kikatoliki na majina ambayo wajenzi waliyapa mawe na vifaa vyao.

Miji miwili na majina ya mawe

Tuanzie nyumbani. Jina la Jinja linatokana na neno la Kiganda *ejjinja*, yaani jiwe kubwa, ambalo wingi wake ni *amayinja*. Mahali Mto Nile unapotoka katika ziwa palikuwa na majabali, na maji yalipita juu yake kwa kishindo. John Hanning Speke alipofika hapo Julai 1862 aliyaita maporomoko hayo Ripon, lakini wenyeji walikuwa wamekwisha kupaita mahali hapo kwa jina la mawe yake. Bwawa la Owen Falls lilipozinduliwa mwaka 1954, maporomoko ya Ripon yalizama. Mji umebaki na jina, na mengi ya mawe yaliyouzalia jina hilo yako chini ya maji.

Tukielekea mashariki hadi Mbale, chini ya genge la Wanale, tunakutana na neno lingine. Katika Kimasaba jiwe ni *libaale*, na ng'ambo ya mpaka Wabukusu nao husema hivyo hivyo. Wasoga husema *eibaale*. Wapo wanaolieleza jina la Mbale kwa mzizi huo huo wa mawe, na si ajabu, kwa kuwa mji umekaa miguuni pa Masaba, volkano iliyozimika zamani ambayo kilele chake cha Wagagai kina urefu wa mita 4,321. Katika nchi ya Wamaragoli, Kenya, kuna Mbale nyingine, nayo pia ni nchi ya majabali.

Tuweke basi maneno matatu ubaoni: *jiwe*, *ejjinja*, *libaale*. Mizizi yake ni tofauti. Mzizi wa *jiwe* ni ndugu wa *ibuye* la Kinyarwanda, na tunauona pia katika neno letu la zamani *mbwe*, yaani vijiwe vidogo vidogo. Hata hivyo, maneno yote matatu yamo katika ngeli moja: jiwe/mawe, ejjinja/amayinja, libaale/kamabaale. Mtoto wa Jinja au wa Mbale anayeanza kujifunza ngeli ya JI-MA kwa kweli anarudia kitu alichokinyonya kwa mama yake. Hili ni jambo la kwanza la kumwambia mwanafunzi wetu.

Jambo la pili ni kwamba hakuna taifa lililohitaji kukopa neno la jiwe. Jiwe lilikuwapo, na kila watu walikuwa na jina lake. Maneno hukopwa pale jiwe linapoanza kufanyiwa kazi mpya. Ili tuione kazi hiyo ilipoanzia, inatubidi twende pwani.

Yosefu wa Jinja na Yosefu wa Unguja

Kanisa kuu la Jimbo Katoliki la Jinja limewekwa chini ya ulinzi wa Mtakatifu Yosefu, fundi wa Nazareti. Jimbo hilo liliundwa mwaka 1966. Ukiufuata ukanda wa Waswahili hadi Mji Mkongwe wa Zanzibar, utakuta kanisa kuu lingine la Mtakatifu Yosefu, lililo kubwa kwa umri. Wenyeji wa Unguja hawana haja ya jina refu, wao huliita Minara Miwili, kwa sababu minara yake pacha huonekana juu ya mapaa ya mji tangu chombo kikiwa bado baharini.

Kanisa hilo lilijengwa na mapadri wa Kifaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu kati ya 1893 na 1898. Umbo lake ni la makanisa ya kusini mwa Ufaransa, lakini kuta zake ni za Unguja. Zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, kama zilivyo nyumba, misikiti na majumba yote ya kale ya mji huo.

Wanafunzi wa bara mara nyingi hudhani kwamba tumbawe ni la aina moja tu. Mafundi wa pwani walitofautisha aina mbili. Ya kwanza ni tumbawe bichi linalokatwa baharini. Likiwa na maji huwa laini, fundi hulichonga kwa urahisi, na likikauka juani huwa gumu. Hilo ndilo lililotumika kwa nakshi za mihirabu na zidaka katika miji ya kale kama Kilwa na Gedi. Ya pili ni mwamba wa matumbawe ya kale yaliyokwisha kuwa nchi kavu, ambao huchimbwa machimboni na kuvunjwa vipande visivyo na umbo maalumu. Hilo ndilo jiwe la ukuta. Kwa kuwa vipande havilingani, mwashi huvipanga na kuvishika kwa chokaa nyingi, na ukuta huwa mnene, nusu mita au zaidi, kisha hupigwa lipu ndani na nje.

Chokaa yenyewe ilitoka katika jiwe hilo hilo. Magogo yalipangwa kwa duara, vipande vya matumbawe vikarundikwa juu, kisha tanuri likawashwa. Jiwe la chokaa likifikia joto la nyuzi 900 hivi hugeuka na kuwa chokaa hai. Hiyo ilizimwa kwa maji, ikaachwa ipoe na kuiva, ndipo ikachanganywa na mchanga na udongo mwekundu. Kwa hiyo ukuta wa Minara Miwili ni jiwe lililoshikwa na jiwe.

Nyumba ya kawaida ya Mji Mkongwe ilifuata urefu wa boriti. Nguzo za mikoko zinazobeba dari zina kikomo chake, na kwa sababu hiyo vyumba vya kale ni virefu lakini vyembamba. Kanisa lilitaka ukumbi mpana, na ilibidi waashi wa pwani wajenge matao makubwa kwa mawe yale yale waliyoyazoea. Mchoro ulitoka ng'ambo. Ujuzi wa kulijua jiwe, chokaa na unyevu wa bahari ulikuwa wa watu wa hapo.

Waashi na watunzi wa kamusi

Kuna jambo hapa linalotuhusu sisi walimu wa lugha moja kwa moja. Padri Charles Sacleux wa shirika lile lile aliishi pwani tangu 1879 hadi 1898. Katika miaka hiyo alikusanya msamiati wa Kiswahili na lahaja zake, pamoja na majina ya mimea. Kazi yake ilichapwa Paris kati ya 1939 na 1941, ikawa mojawapo ya kamusi kubwa kabisa za Kiswahili. Maana yake ni kwamba wakati mawe ya Minara Miwili yalipokuwa yakipandishwa, mtu wa misheni hiyo hiyo alikuwa akiyapanga maneno.

Wala hakuwa wa kwanza kuwa karibu na kazi zote mbili. Edward Steere, Askofu wa Kianglikana, alitoa kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili mwaka 1870, kisha akasimamia ujenzi wa kanisa la Mkunazini mahali palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Paa la kanisa hilo lilimwagwa kwa saruji iliyochanganywa na matumbawe yaliyopondwa.

Tusisahau mikono iliyofanya kazi. Misheni za Unguja na Bagamoyo, ambayo ilianzishwa mwaka 1868, ziliwapokea watu wengi waliokombolewa utumwani, watoto kwa watu wazima, na kuwafundisha useremala, uashi na uhunzi. Watu hao walitoka Unyasa, Uyao, Uzaramo na kwingineko, kila mmoja na lugha ya kwao. Kazini ilibidi waelewane. Anayesema "nipe timazi" na anayetoa timazi lazima waijue timazi kwa jina moja. Kiswahili kilikuwa lugha ya kupokezana jiwe kabla hakijawa lugha ya kutoa amri ya gwaride.

Moto ule ule

Kutoka Bagamoyo na Mombasa njia ziliingia bara. Wamisionari wa Afrika, au Mapadri Weupe, walipita Zanzibar na Bagamoyo mwaka 1878 na kufika Buganda Februari 1879. Mwaka 1894 eneo la mashariki lilitengwa kuwa Vikarieti ya Nile ya Juu chini ya Wamisionari wa Mill Hill, na Askofu Henry Hanlon na wenzake waliwasili mwaka 1895. Njia ya msafara kutoka Mombasa ilipita Mumias na Busoga, ikavuka Nile karibu na Jinja. Njia hiyo haikuwa ngeni kwa Kiswahili. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamekwisha kufika Mumias na kuzunguka Masaba wakitafuta pembe za ndovu kabla ya misheni yoyote kujengwa huko.

Waliofika bara hawakukuta matumbawe. Majabali ya Jinja ni ya aina iitwayo amfiboliti, jiwe gumu sana ambalo msumeno wa mkono hauliwezi. Linafaa kuvunjwa na kutiwa katika msingi, lakini kulichonga liwe tofali ni kazi ya kuvunja moyo. Masaba nayo ina mawe ya volkano, mengine laini kiasi kwamba mlima umejaa mapango, na watu wa mlimani waliyafanya makazi na mazizi. Kilichopatikana kwa wingi kila mahali ni udongo wa mabondeni na wa vichuguu, na kuni.

Basi wajenzi walifanya nini? Udongo ulichimbwa, ukakandwa kwa miguu, ukatiwa katika kalibu za mbao, ukaanikwa kivulini. Yalipokauka, matofali yalipangwa yawe tanuri lenye vinywa vya kutilia kuni, likakandikwa udongo nje, likachomwa usiku na mchana kwa siku kadhaa. Joto linalohitajika halitofautiani sana na lile la tanuri la chokaa. Pwani walichoma jiwe ili wapate cha kushikia. Bara walichoma udongo ili wapate jiwe. Kanisa kuu la Rubaga mjini Kampala, lililoanza kujengwa mwaka 1914 na kutabarukiwa mwishoni mwa 1925, ni la matofali mekundu ya kuchoma, na matofali kama hayo yakawa sura ya misheni nyingi kutoka Buganda hadi mashariki.

Maneno ya altareni na maneno ya jukwaani

Sasa tumefika kwenye kiini cha jibu letu. Sikilizeni Kiganda, lugha ambayo kwa muda mrefu ilitumika makanisani na katika utawala huko Busoga na Mbale, hasa baada ya Semei Kakungulu kuweka makazi yake Mbale mwanzoni mwa karne ya 20.

Nyumba ni *ennyumba*. Mlango ni *oluggi*, nguzo ni *empagi*, jiwe ni *ejjinja*. Hayo ni ya Kiganda chenyewe, mengine yakiwa ndugu wa maneno yetu kwa asili ya Kibantu. Lakini tofali ni *ettoffaali*. Bati ni *ebbaati*. Msumari ni *omusumaali*. Dirisha ni *eddirisa*. Meza ni *emmeeza*. Karai la kubebea zege ni *ekkalaayi*. Vifaa vipya vya ujenzi na vya nyumba mpya vilifika vikiwa na majina ya pwani.

Linganisheni na maneno ya ibada. Waganda Wakatoliki huliita Kanisa *Eklezia*, na padri ni *omusaserdooti*, maneno yote mawili yakitokana na Kilatini. Waprotestanti ndio waliochukua *ekkanisa*, ambalo ni neno la Kiswahili lenye asili ya Kiarabu. Yaani katika misheni moja ya Kikatoliki, mtu angeweza kusimama mlangoni na kuona mipaka ya lugha kwa macho. Mbele, altareni, maneno yametoka Roma. Juu ya jukwaa la fundi, maneno yametoka Unguja na Bagamoyo. Hakuna aliyeamrisha Kiganda kikope *ettoffaali*. Liliingia kwa sababu mtu mmoja alijua kulichoma na mwingine alitaka kujifunza.

Wala Kiswahili hakiwezi kujivuna kwamba maneno hayo yote ni yake tangu mwanzo. *Msumari* na *kanisa* yana asili ya Kiarabu, *dirisha* Kiajemi, *meza* Kireno, *karai* Kihindi. Ukuta wa Minara Miwili haukujengwa kwa mawe yaliyolingana, na bado umesimama.

Kutoka jengoni hadi kambini

Je, bibi wa Mbale anakosea? La. Hofu yake ina tarehe. Jeshi la kikoloni lilikitumia Kiswahili kwa amri, na majeshi yaliyofuata yakaendelea. Gavana William Gowers alipopendekeza mwaka 1927 kwamba Kiswahili kipewe nafasi kubwa zaidi katika elimu na utawala wa Uganda, upinzani ulikuwa mkali. Kabaka Daudi Chwa alipinga kwa maandishi mwaka 1929, na viongozi wa makanisa nao wakapinga. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na kwa raia wengi wa miaka ile lugha hiyo ilisikika zaidi kwenye vizuizi vya barabarani. Mtu aliyeamriwa ashuke garini kwa Kiswahili, huku bunduki ikimtazama, haoni haja ya kuambiwa habari za tenzi.

Tangu hapo sheria imebadilika. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliagiza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Sisi walimu tunafurahia hatua hizo. Hata hivyo, tukumbuke kwamba lazima ni neno ambalo bibi yule amekwisha kulisikia. Kama tutaingia darasani Jinja au Mbale tukiwa na agizo pekee mkononi, tutakuwa tumevaa sare ile ile anayoiogopa.

Kazi kwa walimu na wanafunzi

Tunapendekeza basi kwamba somo la kwanza la msamiati katika shule za mashariki lianzie jengoni. Mwalimu awatume wanafunzi kwa fundi wa karibu. Waulize majina ya kila kitu anachokishika: tofali, kokoto, mchanga, pima maji, timazi, nyundo, tindo, karai. Waandike neno la Kisoga, Kimasaba, Ateso au Kiganda kwa kila kimoja, kisha waweke alama mahali ambapo lugha yao na Kiswahili vinakutana. Wataona wenyewe kwamba Kiswahili kimekuwa kikiishi nyumbani kwao, kwenye dirisha na kwenye paa, tangu enzi za mababu zao.

Kazi hii pia ina haraka yake. Mjini Zanzibar, ambako Mji Mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, wahifadhi wanajua kwamba ukuta wa matumbawe unapopigwa lipu ya saruji badala ya chokaa, unyevu hufungiwa ndani na jiwe huanza kuoza. Desemba 2020 sehemu ya jumba la Beit el Ajaib iliporomoka. Mafundi wanaojua kuivisha chokaa wamebaki wachache, na kila anayeondoka huondoka na msamiati wake. Ndivyo ilivyo hata kwa wachoma matofali wa vijijini mwetu, siku hizi saruji na vyuma vinapochukua nafasi yao. Msamiati wa ufundi hauandikwi na wanaoutumia. Tusipoukusanya sisi, hakuna kamusi itakayoukuta.

Tulipomaliza kuyaeleza haya darasani, tulimwomba mwanafunzi wetu wa Mbale afanye zoezi hilo wakati wa likizo, akianzia kwa bibi yake. Alirudi na orodha ya maneno thelathini na saba. Alituambia kwamba bibi alikataa katakata kwamba anajua Kiswahili. Kisha alimtuma mjukuu afunge dirisha, kwa kuwa mvua ilikuwa inanyesha na bati lilikuwa linavuja. Maneno yote mawili yamo katika orodha.

Tunawakaribisha walimu na wanafunzi wa Jinja, Mbale, Tororo na kwingineko watuletee orodha zao ili tuzichape katika matoleo yajayo.